Sahani Mbili Nilizotupa

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na saba, na hapa kwenye ploti yetu Gitothua hakuna anayejua aniiteje. Mama Shiro, mwenye nyumba, ameshaamua kwamba nilifutwa kazi na ninaona haya kusema. Juzi alinikuta nikianika nguo saa nne asubuhi, akasimama na ndoo yake.

"Ndirangu, hata leo hauendi job?"

"Nimestaafu, Mama Shiro."

"Watu wa kustaafu hukuwanga na mvi. Wewe hata bibi hauna."

Nikaanika shati jingine. Sikufutwa. Niliandika barua mwenyewe baada ya miaka kumi na minne katika maabara ya hospitali moja ndogo mjini Thika, na sababu niliyoitoa ni uchovu. Ni sababu ya kweli, ila haitoshi. Madam Wairimu, mkuu wa maabara, alipoipokea aliniomba niwaandikie ninyi mnaobaki kuhusu kazi hii, "vile vitu hazikuangi kwa kitabu." Nadhani alitarajia kurasa mbili za kutunza hadubini. Basi, msifute lenzi kwa shati. Hayo yamekwisha, sasa nianze.

Siku yangu ya kwanza Madam Wairimu alinipa beseni la vioo vichafu vya hadubini nivioshe. Niliviosha hadi saa nane, nikaviinua kimoja kimoja dhidi ya mwanga wa dirisha, nikarudia vyenye alama. Niliamini ni mtihani wa siri wa kunipima moyo. Baadaye nikajua kwamba mtu wa kuosha vioo alikuwa ameacha kazi Ijumaa, basi. Lakini mimi tayari nilikuwa nimeshajionyesha ni mtu wa aina gani. Nilipanga lebo kwa rula. Nilirudi kutoka getini kuhakikisha nimefunga gesi, halafu nikarudi tena kuhakikisha kwamba nilihakikisha. Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao.

Kazi yetu kubwa ilikuwa makohozi. Kwa wale ambao bado hawajaishika, nitaieleza kwa urahisi. Sahani yetu ni kisahani cha plastiki chenye mfuniko, ndani yake kuna chakula cha vijidudu kilichoganda kama jeli. Unachota makohozi kwa waya uliopitishwa motoni, unayachora juu ya ile jeli kwa mistari, unafunika, unaweka kwenye kabati la joto, unangoja siku kadhaa. Kitakachoota ni kimoja kati ya viwili. Ama ni kile kinachomkohoza mgonjwa, ama ni kitu kilichodondoka kutoka hewani ulipoinua mfuniko. Kazi nzima ni kujua tofauti ya hivyo viwili. Mengine ni kuosha.

Na hewa ya Thika mnaijua. Mvua ikikawia, lile vumbi jekundu huingia hata mahali ambapo hakuna tundu. Ndani ya vumbi kuna mbegu za kuvu, nazo hupenda jeli yetu kuliko tunavyopenda chapati. Sahani ikiota kuvu ya hewani tunasema imechafuka. Sheria ilikuwa kuandika hivyo kwenye kitabu cha matokeo na kumwomba mgonjwa makohozi mengine. Madam Wairimu, kwa nia njema kabisa, alitundika ubao ukutani wenye majina yetu, na kila sahani iliyochafuka iliwekewa alama nyekundu mbele ya jina la aliyeishika. Alitaka tuwe waangalifu. Wenzangu walipata alama tatu, nne kwa mwezi, wakasahau ifikapo saa ya chai.

Mstari wangu ulikuwa mtupu. Niseme tu ukweli, niliupenda ule mstari. Asubuhi niliutazama kabla ya kuvaa koti.

Kuhusu kuvu nilijifundisha mwenyewe. Chuoni tulifundishwa asubuhi moja tu, na mwalimu alikuwa na mafua. Kwa hiyo nilinunua vitabu vilivyotumika, nikaanza kuotesha kuvu chumbani kwangu kwenye mkate, malenge na ngozi za machungwa, ndani ya vifuniko vya ndoo chini ya kitanda. Mama Shiro alipogundua aliniuliza ninafuga nini. Nikamwambia kuvu. Akafikiri kidogo.

"Na kuku ilikushinda?"

Nilijua kuzitambua kwa rangi, kwa harufu, na kwa jinsi nyuzi zake zinavyogawanyika chini ya hadubini. Nayasema haya ili msije mkanitetea kwamba sikujua nilichokuwa nikiona.

Maana alama yangu ya kwanza ilipokaribia, katika mwaka wangu wa kwanza, nilifanya hivi. Sahani iliota kuvu kidogo pembeni, hakuna kingine. Nikaitia kwenye ndoo ya taka, nikaandika kitabuni: Hakuna kilichoota. Nilijiambia si uongo, kwa kuwa mdudu wa ugonjwa hakuota. Mgonjwa hakusumbuliwa kurudi, ubao ukabaki safi. Mara ya pili haikunichukua hata dakika moja. Baada ya hapo ikawa tu namna yangu ya kufanya kazi, kama wengine wanavyokunywa chai kwa kifuniko cha thamosi.

Nyambura alikuja nilipokuwa na miaka kumi kazini. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye kovu chini ya taya ambapo jipu la tezi lilikuwa limepasuliwa utotoni. Alikaa Mugutha na mama yake, ambaye aliotesha miche ya miti na mboga za kuuza. Mama alichanganya udongo wa miche na maganda makavu ya kahawa, na Nyambura ndiye aliyeyageuza kwa jembe ili yaoze sawasawa. Alikohoa kwa miezi. Alikuwa amemaliza dawa za kifua kikuu mara mbili, miezi sita kila mara, ingawa hakuna mtu aliyewahi kumwona mdudu wa kifua kikuu ndani ya makohozi yake. Vipimo vya Ukimwi alikuwa amefanyiwa hadi akavifanyia mzaha.

"Daktari, hiyo sindano ya HIV ikiniona inanisalimia kwa jina."

Mimi si daktari, lakini kwa wagonjwa kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Nikampa kikopo, nikamweleza kwamba nataka yanayotoka kifuani, si mate. Akaniletea makohozi mazuri. Mtajua siku moja kwamba katika kazi hii hayo ni maneno ya kawaida.

Siku ya nne sahani yake ilikuwa na kuvu ya kijani-kijivu. Niliitupa, nikaandika nilivyozoea kuandika.

Wiki tatu baadaye akaleta mengine. Kuvu ileile. Safari hii nilikasirika, nikalilaumu dirisha. Nilipangusa fremu yake kwa spiriti, nikaziba nyufa kwa selotepu, na Madam Wairimu akanisifu mbele ya watu. Kitabuni niliandika: Hakuna kilichoota.

Baada ya miezi miwili mama yake alimleta akiwa amemshika kwapani. Alilazwa siku hiyo. Dkt. Onyango, daktari wa wodi, aliniletea mwenyewe kikopo cha makohozi, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Nilifunga dirisha na mlango, nikawasha moto, nikachora sahani mbili kwa pamoja. Zote mbili zikaota kuvu. Nilizibeba hadi kwenye mwanga, na hapo nikaona kitu ambacho nataka mkishike hata mkisahau mengine yote. Kuvu ilikuwa imeota juu ya mistari. Ilifuata njia ya waya wangu, kona kwa kona, na kwingine kote jeli ilikuwa safi. Kinachodondoka kutoka hewani hudondoka popote. Vumbi haliwezi kujua ulikochora.

Niliketi. Nilikumbuka zile sahani mbili nilizotupa. Nazo ziliota juu ya mistari. Niliiona ile mistari siku zile, macho yangu yaliiona vizuri kabisa, na mkono wangu ukaendelea kuelekea kwenye ndoo.

Dkt. Onyango alikuja saa sita na nusu. Nilimwonyesha slaidi. Aliinama juu ya hadubini kwa muda mrefu.

"Ni kuvu ya aspajilasi," nilisema. "Iko ndani ya pafu."

"Hii kitu iko kila mahali, Ndirangu. Iko hata kwa hiyo pazia. Mtu mwenye kinga sawa anaivuta kila siku na haimfanyi kitu." Alijinyoosha mgongo. "Zile za kwanza mbili zilikuwa safi, sindiyo?"

Nilizima taa ya hadubini.

"Kama ingekuwa imeota mara tatu, leo leo ningempeleka Nairobi. Ningesema huyu msichana amezaliwa na kasoro ya kinga, tumtafutie. Lakini mara moja, na mbili safi? Wakubwa wataniambia ni uchafu wa lab. Wacha nimuanzishie TB tena tuone."

Akatoka kwenda kula. Mimi nikaenda kwenye sinki, nikaanza kuosha vioo ambavyo tayari vilikuwa safi. Ningependa kuwaambia kwamba nilimfikiria Nyambura. Nilichofikiria ni ubao. Nilifikiria namna ya kumwambia daktari achukue makohozi mengine mara mbili bila kueleza kwa nini, nikahesabu siku, nikaona zinafika kumi. Wodini ile asubuhi nilikuwa nimemwona anavyopumua, mabega yakipanda hadi masikioni. Kumi zilikuwa nyingi mno. Nikafunga mfereji.

Nilimkuta Dkt. Onyango kwenye ofisi ya Madam Wairimu, wakila githeri kwa vibakuli.

"Zile mbili za kwanza hazikuwa safi," nilisema. "Ziliota hii kuvu. Nikazitupa, nikaandika hakuna kilichoota."

Madam Wairimu aliweka kijiko chini taratibu.

"Kwa kitabu yangu?"

"Ndiyo, Madam."

"Juu ya nini?"

Nilielekeza kidole ukutani. Kupitia mlango uliokuwa wazi ubao ulionekana wote, na jina langu na mstari wake mtupu. Dkt. Onyango alishainuka na simu sikioni, akiuliza kama kuna kitanda Nairobi. Githeri yake aliiacha hapo.

"Ni wengine wangapi, Ndirangu?" Madam Wairimu aliuliza.

"Sijui, Madam. Sikuwa nikihesabu."

"Wewe? Mwenye hupima lebo na rula?"

Damu ya Nyambura ilibidi ifike Nairobi siku hiyohiyo ikiwa bado hai, kwa sababu walichotaka kutazama ni kazi ya chembe nyeupe. Kipimo hicho huhitaji pia damu ya mtu mwenye afya ili ilinganishwe. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, kwa hiyo ilichukuliwa yangu. Vichupa vyetu viwili vilisafiri ndani ya ndoo moja. Majibu yalipokuja, chembe zangu zilikuwa zimefanya kazi yake bila kosa lolote. Zake zilimeza mdudu vizuri, zikamshika, zikashindwa kumuua. Hutengeneza ganda kumzunguka, na yeye hukaa humo akila pafu. Ndiyo sababu ya lile jipu la utotoni, na ndiyo sababu ya vivuli kwenye picha ambavyo kila mtu aliviita kifua kikuu. Na maganda ya kahawa yaliyooza, kwa mtu kama yeye, kila jembe moja lilikuwa wingu la mbegu za kuvu.

Dkt. Onyango alimweleza mama wa Nyambura mbele yangu. Nilikuwa nimeomba niwepo. Alimwambia ni ugonjwa wa kurithi.

"Kwa hivyo ni mimi nilimpa," mama alisema.

"Wewe na baba yake, nusu nusu. Hakuna mwenye alijua."

Mama alifikiri. "Huyo mzee hajawahi leta kitu kwa hiyo nyumba. Na hii ndio alileta."

Nyambura alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukangoja kiishe. Kisha nikasema sehemu yangu. Nilimwambia mama kuhusu sahani mbili, na kwamba bintiye angeweza kuanza dawa miezi karibu mitatu mapema. Alinitazama kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua vizuri.

"Ulikuwa unaogopa alama?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Haiya." Alisema kwa sauti ya chini sana, akamgeukia daktari na kuuliza habari ya dawa.

Nyambura alipona, kwa namna ambayo watu wa aina yake hupona. Alimeza dawa ya kuvu kwa mwaka na zaidi. Septrin ya kuzuia vijidudu anameza kila siku, na atameza maisha yake yote. Majirani wakiona septrin, dawa wanayopewa wenye Ukimwi, nyumbani kwa mtu hujua wanachojua, kwa hiyo aliihamishia kwenye chupa ya vitamini. Maganda ya kahawa haruhusiwi kuyakaribia, wala banda la kuku, wala kufagia kukiwa kukavu. Sehemu ya chini ya pafu la kushoto haikurudi. Nilimuuliza Dkt. Onyango kama ile miezi mitatu ingeiokoa. Aliendelea kuandika.

Nilipewa barua ya onyo, nayo ilikuwa ya haki. Madam Wairimu aliung'oa ubao mwenyewe na kutuonyesha mahali pa misumari. Tangu hapo kila kuvu inayoota, hata kama unaapa ni ya hewani, huandikwa kitabuni kwa jina la mgonjwa, pamoja na mahali ilipoota, juu ya mstari au nje yake. Hakuna anayetupa sahani peke yake. Ikiota mara ya pili kwa mgonjwa yuleyule, unamtafuta daktari kwa miguu yako, usingoje karatasi. Mgonjwa akiwa amemaliza dawa za kifua kikuu bila mdudu kuonekana, uliza kama aliwahi kuwa na majipu akiwa mtoto, na uliza wangapi wamezaliwa nyumbani kwao na wangapi wamebaki. Mnaifuata sheria hii kila siku, na wengine wenu mnailalamikia. Nilitaka mjue imetoka wapi.

Nilifanya kazi miaka mingine minne, na sina mengi ya kuieleza. Kila nilipoandika kwamba hakuna kilichoota nilirudi kuitazama sahani, kisha kuitazama tena. Kazi ya asubuhi ikawa inafika jioni. Mnanikumbuka hivyo, wengi wenu, yule mtu anayesimama dirishani na sahani tupu. Hamkunicheka, na hilo nawashukuru.

Mwaka jana Nyambura alichumbiwa. Madaktari wake wa Nairobi walitaka kumweleza kuhusu kuzaa, wakaomba rekodi zozote za familia. Mama yake akaja Thika, akanitafuta mimi. Alikuwa amevaa vizuri, na mkononi alikuwa na karatasi yenye jina.

"Nyambura alikuwa na brother," aliniambia. "Mkubwa wake, Kamau. Alikufa na kifua akiwa ishirini na mbili. Makohozi yake ilipimwa hapa."

Nilimwuliza mwaka. Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Vitabu vya zamani viko stoo, nikaenda, nikakipata, nikakileta mezani mbele yake kikiwa na vumbi lake. Sikutaka kukitafuta peke yangu na kurudi na jibu. Tulifungua kurasa pamoja. Jina lilikuwepo, limeandikwa vizuri, na chini yake mstari uliopigwa kwa rula. Hakuna kilichoota.

"Hii ni mwandiko yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ni ukweli?"

Nilitazama ukurasa ule kwa muda mrefu. Nilijaribu kuiona sahani yake. Nilijaribu kuona rangi, mistari, ndoo, mkono wangu. Kulikuwa na mamia ya sahani mwaka ule, na nilikuwa nimehakikisha kwamba zote zinafanana.

"Sikumbuki," nilisema.

Alivuta kiti, akaketi. Niliogopa kwamba atalia, na nikaogopa zaidi kwamba hatalia. Alifuata jina la mwanawe kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Sasa kwa nini hapa inaongea kama mtu anakumbuka?" aliuliza. "Andika vile umeniambia."

Kitabu cha maabara hakifutwi. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, unaandika lililo sahihi pembeni, unatia tarehe na sahihi yako. Nilichukua kalamu nyekundu. Niliandika: Jibu hili lisiaminiwe. Aliyepima hakumbuki alichoona. Nikatia sahihi, na jina langu lote.

Alisoma polepole, midomo ikisogea. Kisha akaomba kopi ya kupeleka Nairobi. Mashine iliitoa ikiwa imepinda upande, maneno ya pembeni yakisomeka kwa shida. Nilinyoosha mkono niirudie.

"Wacha," alisema. "Inaonekana." Akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake, akatoka.